Mnyororo, shamba au banda: mbwa wa nyumbani akae wapi mtoto mchanga anapozaliwa

Maelekezo mengi ya kumzoesha mbwa kwa mtoto mchanga yameandikwa kwa ajili ya nyumba ambamo mbwa hulala sebuleni na kupanda kwenye kochi. Nyumba nyingi za huku kusini mwa Tanzania, ziwe za Shangani mjini Mtwara, Mikindani, Masasi au Lindi mjini, haziko hivyo. Mbwa wetu huishi uani, hula ugali uliochanganywa na vichwa vya samaki, hulala mchana chini ya mwembe na usiku hulinda, na kizingiti cha mlango hukijua kuwa mpaka. Kwa hiyo swali linaloikabili familia ya huku, mimba inapofikisha miezi saba au minane, si kama mbwa aruhusiwe chumbani, bali ni mahali atakapokaa katika zile siku arobaini ambazo mzazi hatoki, wageni wanaingia na kutoka, na nepi zimeanikwa uani kutwa nzima.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu: kumfunga mnyororo, kumpeleka shamba au kwa ndugu hadi mtoto akue kidogo, na kumtengenezea banda lenye uzio huku akizoeshwa hatua kwa hatua. Nazilinganisha hapa, na niseme mapema kwamba naegemea ya tatu, ingawa zipo nyumba ambazo haziiwezi.

Kinachombadilikia mbwa

Watu husema mbwa amemwonea mtoto wivu. Mara nyingi kinachomsumbua ni kitu cha kawaida zaidi: ratiba yake imevurugika. Aliyekuwa akimpa chakula amelazwa au yuko ndani, chakula kinachelewa au kinasahaulika, mlango unafunguliwa saa za usiku ambazo zamani ulikuwa umefungwa, na watu asiowajua wanapita karibu naye wakiwa na mizigo. Juu ya hayo kuna sauti mpya, kali na ya juu, inayoanza ghafla na haina saa. Mbwa aliyezoea kuwinda sungura au ndezi huweza kusisimka kwa sauti ya namna hiyo kuliko mbwa ambaye kazi yake ni kulala na kubweka. Kuna pia harufu ya maziwa na ya choo cha kichanga, ambayo humvuta mbwa hata kama ni mpole kiasi gani, na ndiyo sababu nepi zilizoanikwa chini huburutwa.

Ukishaelewa hivyo, utaona kuwa kazi kubwa hufanyika kabla ya mtoto kuzaliwa. Yule atakayemlisha mbwa katika siku arobaini, awe mdogo wa mama, shemeji au kijana wa nyumbani, aanze kumlisha miezi miwili kabla, kwa saa ileile atakayoimudu baadaye. Kamba ya kuanikia ipandishwe mapema. Na kwa familia zinazofukia kitovu cha mtoto kinapodondoka, shimo lichimbwe mahali ambapo mbwa hafiki, kwa kuwa pua yake haiheshimu mila ya mtu.

Mnyororo

Faida ya mnyororo inaonekana mara moja. Ni rahisi kupatikana, hauhitaji fundi, na mgeni anayepiga hodi akisema, "Mama Asha, mfunge kwanza mbwa wako!" anajibiwa papo hapo. Kwa saa moja au mbili za ugeni sioni ubaya wowote. Ubaya unaanza pale saa mbili zinapogeuka kuwa wiki sita.

Mbwa anayetishika huwa na mambo mawili ya kufanya: kuondoka au kujihami. Mnyororo unamwondolea la kwanza. Mtoto wa jirani anayemkaribia kwa kukimbia, au mgeni anayekatiza kwenda msalani, anamkuta mnyama asiye na pa kurudi nyuma, na mnyama huyo hutumia kilichobaki, yaani meno. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha mbwa waliouma na wasiouma, ukakuta kwamba uwezekano wa mbwa kuwa miongoni mwa waliouma ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wale waliokuwa wakifungwa mnyororo uani. Linalonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba waliohesabiwa kuumwa hawakuwa watu wa nyumba hiyo, bali watu wa nje. Ukiichukua picha hiyo ukaiweka katika nyumba yenye mzazi, ambako kila jioni kuna shangazi, majirani na watoto wao wanaokuja kumwona mtoto, utaona kwamba familia inayofunga mbwa kutwa kwa nia ya kumlinda kichanga huenda inamhatarisha mtoto wa mgeni.

Zipo hasara nyingine ndogo. Mnyororo hujizungusha kwenye shina la mkorosho hadi mbwa anabaki na nafasi ya hatua mbili, jua linahama na kivuli kinamwacha, na debe la maji linapinduka asubuhi bila mtu kujua hadi adhuhuri. Usiku, mbwa aliyefungwa hulinda kwa sauti tu. Na mtoto akishaanza kutambaa, duara la mnyororo halimzuii kuingia. Linamzuia mbwa kutoka, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Ikiwa huna njia nyingine, basi mfunge mbali na njia ya kwenda jikoni na msalani, mahali penye kivuli cha asubuhi na cha jioni, kwa mkanda mpana wa shingoni badala ya kamba inayokaza, na afunguliwe kila siku.

Shamba

Njia ya pili hupendwa na wakwe, na si bila sababu. Mbwa akiondoka, uwanja unabaki msafi, anayeswali hana wasiwasi wa mate ya mbwa kwenye mkeka, na mzazi analala akijua mlango ukisahauliwa wazi hakuna kitakachoingia zaidi ya kuku. Ikiwa mtoto anazaliwa kati ya Oktoba na Desemba, familia nyingi zina mtu shambani wakati wa kuokota korosho, na mbwa huko ana kazi ya maana ya kufukuza nguruwe pori na ngedere.

Hata hivyo, njia hii ina gharama ambayo huonekana baadaye. Kwanza ni kichaa cha mbwa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo katika mikoa ya Lindi na Mtwara wamekuta kuwa mbweha wanachangia sehemu kubwa ya visa, tofauti na maeneo mengine ya nchi ambako karibu visa vyote hutokana na mbwa. Mbwa wa mjini anayepelekwa kukaa pembezoni mwa pori, katika mashamba ya Nachingwea, Liwale au Nanyumbu, anasogezwa karibu na hatari ambayo hakuwa nayo Shangani, kisha anarudishwa kwenye nyumba yenye kichanga. Kama hajachanjwa, sioni hoja yoyote ya kuitetea safari hiyo. Penye mbung'o kuna ndorobo pia, nayo humpata mbwa kama inavyompata ng'ombe, na kupe atakaorudi nao hawatabaki uani peke yao.

Pili ni umbali. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10, na mbwa aliyepelekwa kwa mjomba Mikindani anaweza kuonekana mlangoni kesho yake, akiwa amechoka, amepigana njiani, na hana aliyejiandaa kumpokea.

Gharama ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Miezi mitatu ya kwanza ya mtoto ni wakati mwepesi kuliko wote wa kumfundisha mbwa, kwa sababu mtoto haendi popote: yuko ndani, yuko mikononi, na umbali kati yake na mbwa unaamuliwa na mtu mzima kila dakika. Kati ya miezi sita na kumi mtoto hutambaa, na hapo yeye mwenyewe anaamua aende wapi. Anafika kwenye bakuli la chakula, anashika mkia, anajiinua kwa kukamata manyoya. Familia inayomrudisha mbwa katika kipindi hicho inamtaka ajifunze somo lote kwa siku moja, mbele ya mwalimu asiyetulia. Wengi wanaohofia siku ya mtoto kurudi kutoka hospitali wanahofia siku isiyo na hatari kubwa, kisha wanalegea wakati hatari yenyewe inapowadia.

Kuna mbwa ambaye shamba ni mahali pake hasa. Mbwa aliyewahi kumuuma mtoto, au anayekakamaa na kukenua meno kila mtoto anapopita, asibakizwe kwa matumaini kwamba atabadilika. Huyo ahamishwe moja kwa moja kwa mtu mzima anayemhitaji kwa ulinzi, akiwa na chanjo yake, na anayempokea aambiwe ukweli wote. Kumwacha sokoni au stendi ili ajitafutie si njia ya nne. Ni kuongeza mbwa koko mmoja mtaani kwenu.

Banda na kuzoeshwa

Banda ninalolizungumzia si kibanda cha kulala pekee, bali ni eneo lililozungushiwa, angalau mita 2 kwa 3 kwa mbwa wa kienyeji wa kawaida, lenye mahali pa kulala palipoinuliwa juu ya ardhi ili mvua za Desemba hadi Aprili zisimloweshe. Paa la makuti ni bora kuliko bati, kwa sababu bati la chini bila dari hugeuka jiko mchana wa Novemba. Uzio unaweza kuwa wa mabanzi au wa miti iliyofungwa wavu. La muhimu ni kwamba nafasi za chini ziwe finyu kiasi kwamba mkono wa mtoto anayetambaa haupenyi, na komeo liwe upande wa nje, juu. Ukijenga kwa kumfikiria mtoto wa miezi minane hutalazimika kujenga mara mbili.

Mbwa aingie bandani wiki nyingi kabla mtoto hajazaliwa, na aingie kwa chakula. Anayesukumwa humo kwa fimbo siku mzazi anaporudi hupaona kuwa gereza, na hulia usiku kucha. Azoee kukaa humo tangu asubuhi hadi alasiri, saa ambazo uani kuna watu, kisha afunguliwe usiku familia ikiwa imefunga milango, ili ulinzi wa nyumba usipungue. Wakati anakula, sauti ya mtoto anayelia iliyorekodiwa kwenye simu ichezwe kwa kiwango cha chini sana, na iongezwe kidogokidogo siku hadi siku ikiwa anaendelea kula. Akiacha kula na kusimamisha masikio, sauti imezidi, ishushwe.

Katika maelekezo ya nchi nyingine utasoma kwamba mbwa aletewe nguo ya mtoto ainuse, kisha aachwe amkaribie mtoto na kumnusa miguu. Sehemu ya pili haifai hapa na wala haina ulazima. Familia nyingi za pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa. Hakuna mgongano wowote kati ya hukumu hiyo na mafunzo haya. Mbwa hahitaji kumgusa mtoto ili amzoee. Anahitaji kujua kwamba harufu na sauti hiyo ikitokea, kwake hutokea jambo jema. Kwa harufu, chukua tambara lililofunikia mtoto ambalo halitarudi tena ndani, uliweke nje ya uzio wakati anapolishwa. Kwa macho, tumia saa ya kuoga. Bibi anapokaa kibarazani na beseni la maji ya uvuguvugu, miguu ameinyoosha na mjukuu amelazwa juu yake, mbwa awe bandani mita sita au saba kutoka hapo, na mtu anayemjua asimame karibu na uzio akimtupia vipande vya muhogo uliochemshwa maadamu ametulia. Mtoto akilia, vipande viongezwe. Akiingizwa ndani, vikome. Kwa kurudia hivyo kila siku, kilio cha mtoto huwa kwake habari ya chakula.

Anayesimama pale ajifunze kumsoma mbwa. Anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, anasema kwamba umbali umekuwa mdogo mno kwake. Anayekakamaa na kufunga mdomo ghafla yuko hatua moja kabla ya kunguruma. Na mbwa akinguruma asipigwe. Najua hili linawaudhi wazee, ambao kwao mbwa anayenguruma mbele ya mtoto anastahili fimbo. Lakini mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza tu, na siku nyingine atauma bila onyo. Aongezewe umbali, kisha wakubwa watafute kilichomkera.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inataka mtu. Banda bila mtu wa kuliangalia ni mnyororo wenye paa: mbwa anakaa humo siku tatu, choo kinarundikana, na komeo linafunguliwa na mtoto wa darasa la pili aliyeyaonea huruma macho ya mbwa. Inataka pia uwanja wako mwenyewe, jambo ambalo mpangaji hana.

Lakini ina faida moja ambayo zile mbili hazina, nayo ni usafi wa ardhi. Mbwa anayezurura uani huacha choo popote, na humo mna mayai ya minyoo ya mviringo ambayo, yakishakomaa udongoni, humdhuru mtoto anayetia mchanga mdomoni. Mayai hayo hayaambukizi yanapotoka tu. Huchukua wiki kadhaa kukomaa. Choo kikiwa mahali pamoja na kikiondolewa kila siku, hatari hiyo hukatwa kabla haijaanza, na uwanja ambao mtoto atatambaa miezi sita baadaye unabaki salama. Mchanga mkavu unaolaliwa na mbwa huficha pia funza na viroboto, kwa hiyo sakafu ya banda ifagiliwe na ikiwezekana isakafiwe.

Yasiyotegemea njia uliyochagua

Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe mama akiwa bado mjamzito, kwa kuwa kinga huchukua wiki kadhaa kuimarika, na irudiwe kila mwaka. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini mashariki yaliyoingizwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, kwa hiyo watu wengi wanaijua kampeni ya kupanga foleni na mbwa kwenye ofisi ya kijiji. Lakini ikiwa mwaka huu haijafika kwenu, usiingoje, mfuate afisa mifugo wa kata. Dawa ya minyoo apewe angalau kila miezi mitatu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takribani watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa au akiparuzwa, hata na mbwa wenu mliyemlea, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na ndiyo maana sindano haisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Na katika njia zote, mtoto na mbwa wasiachwe pamoja bila mtu mzima aliye macho, hata kwa muda wa kwenda kuepua sufuria.

Ipi kwa nyumba ipi

Mwenye uwanja wake, na mtu mmoja wa kuaminika wa kumhudumia mbwa, nampendekezea banda bila kusita, na aanze kulijenga mimba ikiwa ya miezi sita. Mwenye mbwa wa kuwinda anayesisimkia kila kinacholia naye aanze na banda, lakini ampe muda mrefu zaidi. Ikiwa baada ya wiki nne za sauti ya simu bado anarukia uzio, ahamie shamba kabisa akiwa amechanjwa. Nyumba ambayo mama yuko peke yake, mume yuko safarini baharini au kwenye kazi za gesi, na ndugu yuko mbali, haitaimudu kazi ya kuzoesha. Hapo shamba kwa ndugu aliye tayari ni afadhali, kwa sharti kwamba mbwa asirudi hadi mtoto awe mkubwa wa kuelewa neno "acha", na arudie bandani, si uani.

Linalobaki ni mpangaji wa nyumba ya uwanja mmoja, yenye milango mitano na watoto wa familia zote wakicheza pamoja. Huyo hana pa kujenga, na mnyororo katika uwanja kama huo ndio hatari kuliko mahali pengine popote. Kama mwenye nyumba hakubali hata kona ya mita chache nyuma ya jiko, basi mbwa atafutiwe mwenyeji mpya mapema, mama akiwa bado na miezi mitano au sita, wakati ungalipo muda wa kuchagua anakokwenda.